Chupa Iliyopima Unga

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka la cherehani. Mguu wake mmoja ulivunjika siku nyingi na pahala pake pamewekwa tofali, na mbele yake ndipo alipo Mama Birika na meza yake ndogo na jiko lake la makaa, akimimina kahawa mpaka birika likauke. Wenyeji ni watatu. Mita ni fundi cherehani, utepe wa kupimia hautoki shingoni mwake hata akienda msibani. Wakili ni fundi viatu; hajawahi kushinda ubishi hata mmoja, ila hajawahi pia kukubali kwamba ameshindwa. Redio ni kinyozi, na kama jina lake lilivyo, hazimiki. Mimi ni jirani yao wa chumba cha nyuma, wananiita Haraka, kwa kuwa nikiingiwa na hofu maneno hunitoka kama choroko kwenye gunia lililotoboka, na alasiri hiyo nilikuja mbio, kikombe cha bati mkononi, mifuko miwili kwapani, wa unga na wa sukari, roho juu juu.

— Shikamooni, kikombe kimoja ni gramu ngapi?

— Marahaba, alisema Mita. Kaa kwanza.

— Sikai, Mama Tanuri anafunga jua likishuka, nisipompelekea jibu kazi anampa mwingine, kikombe kimoja ni gramu ngapi, cha unga, na cha sukari?

— Haraka, meza mate, alisema Mama Birika. Mwanao kalala. Hajalia hata mara moja.

Mwanangu, niliyemwacha na Mama Birika, alikuwa kando ya benchi, ndani ya beseni la plastiki lililotandikwa kanga, ngumi zake mbili zimekunjwa kama mtu anayebishana usingizini. Nilimtazama kifua mpaka nikakiona kinapanda. Ana miezi minne na hanenepi. Kliniki walimtundika kwenye ule mzani wa ndoano, mshale ukapanda kidogo, ukasita, na nesi akasema nimwongezee maziwa ya chupa. Tangu siku ile mimi na mizani hatupatani. Maziwa yenyewe yanataka kazi. Baba yake alienda kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta.

Basi nikawaeleza, kwa pumzi moja. Kwamba asubuhi ile watu wa vipimo walipita wakaikusanya mizani yote ya mtaa, ya duka, ya bucha, ya tanuri la mikate, kwenda kuikagua na kuigonga muhuri, irudi wiki ijayo. Kwamba Mama Tanuri, mwenye kiwanda cha mikate cha kule kona, mapishi yake yote yako kwa gramu. Kwamba wafanyakazi wake walisema, hamna shida, kikombe hiki kinaingia robo lita, robo lita ni gramu mia mbili na hamsini, tutapimia hiki. Wakapima unga, wakapima sukari, wakatia tanurini.

— Ikawaje? aliuliza Redio.

— Keki zimelala. Zimetanda kama uji uliomwagika. Nimezikuta zimepangwa nje, Mama Tanuri kazisimamia kama mtu anayetambua maiti. Mimi nimekwenda kuomba kazi kama ninavyokwenda kila mara, akanigeukia, umesoma? Nikasema nimefika kidato cha nne. Akasema basi kaniambie gramu mia nne na hamsini za unga ni vikombe vingapi, na gramu mia mbili na ishirini za sukari ni vingapi. Ukinipatia kabla sijafunga, stoo ya vipimo ni yako.

— Stoo ya vipimo! alisema Mita, akaushika utepe wake kama aliyetajiwa jina la ukoo wao.

— Lakini kasema kitu kingine, nikasema, na hapo sauti ikapungua yenyewe. Kasema hataki mwenye kichanga. Wa mwisho alikuwa akikimbia nyumbani kila unga ukilowa. Mimi nikanyamaza.

Benchi zima likatazama beseni, halafu likatazama pembeni.

— Sisi hatujaona mtoto, alisema Wakili. Mwenye ushahidi aulete.

— Kahawa, alisema Mama Birika, akawamiminia wote bila kuulizwa.

Wakili ndiye aliyeanza. Alikichukua kikombe cha bati, akakigonga kwa kucha, akakichungulia ndani.

— Hesabu hii ni nyepesi. Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kikijaa kimejaa. Kimejaa maji, kimejaa unga, kimejaa misumari, kujaa ni kujaa. Gramu mia mbili na hamsini. Kesi imefungwa.

— Ndivyo walivyosema wale wa keki zilizolala, nikamwambia.

— Basi wamekosea moto.

— We Wakili, alisema Redio, gunia la usufi na gunia la saruji, ujazo mmoja. Ukibebeshwa utasema kujaa ni kujaa?

— Inategemea la nani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake unga ukiwa wa mwenzio ni mwepesi. Ukiwa wako, mzito.

— Wahenga hawakusema hivyo!

— Ulikuwepo?

Mita alikuwa amekwisha kuuzungusha utepe kwenye kikombe, mdomo, kitako, kimo, anahesabu kwa midomo kimyakimya. Mwisho akausogeza utepe pembeni.

— Kiuno chake nimekipata, alisema kwa huzuni. Uzito wake haushoneki.

Nikahisi machozi yanakuja. Jua lilikwisha kushuka mpaka kwenye mabati ya bucha. Mtoto akajigeuza, akatoa kile kisauti chake cha njaa, nami nikamchukua nikachukua na chupa yake, na wakati namnywesha macho yangu yakawa kwenye ile mistari. Ile mistari ya ubavuni mwa chupa. Kumi, ishirini, thelathini, ikipanda hadi mia mbili na hamsini. Nimeiangalia mistari hiyo kila siku kwa woga, kanywa kiasi gani, kabakisha kiasi gani, na siku hiyo ndipo niliposikia, kama mtu kanisemea sikioni, sauti ya darasani, sote arobaini tukiimba bila kuelewa: mililita moja ya maji safi ni gramu moja.

— Maji, nikasema.

— Kahawa, akasahihisha Redio.

— Maji! Maji ndiyo mzani! Maji ukijua ujazo wake umejua na uzito wake, ndiyo pekee hapa yasiyotudanganya, Mita nipe henga, ile ya waya ya kutundikia nguo, Mama Birika yale makopo mawili yanayofanana ya maziwa, Wakili uzi, nipe uzi!

Hakuna aliyeelewa, lakini nadhani walivyoniona macho, hakuna aliyebisha. Mita akaitundika henga kwenye msumari wa nguzo yake. Wakili akatoboa makopo kwa sindano yake ya viatu, akayaning'iniza huku na huku kwa uzi wa nta. Kopo la kulia likashuka.

— Mzani wenyewe una upendeleo, alisema Redio. Nilijua tu. Ndiyo maana serikali imeikusanya.

Wakili akafinyanga kipande cha nta, akakibandika kwenye kopo la kushoto, akakipunguza kwa kucha, akakipunguza tena. Henga ikatulia. Ilikaa pale hewani imenyooka kama mstari wa daftari, makopo mawili matupu yakitazamana, na sijui kwa nini sote tulijikuta tumeacha kupumua.

Mtoto alikwisha shiba. Mama Birika akampokea, akaiosha chupa kwa maji ya moto, akanijazia maji. Nikazamisha kikombe kwenye mfuko wa unga, nikakitoa kimefurika, nikakifuta juu kwa mgongo wa kisu bila kukigusa zaidi. Nikaumimina kwenye kopo la kushoto. Likashuka kwa kishindo kidogo.

Halafu nikaanza kumimina maji kwenye kopo la kulia. Polepole. Henga ikawa haitaki. Ikawa haitaki. Ikatikisika.

— Inakuja, alinong'ona Mita.

Ikaja. Nikaacha kumimina, nikaisimamisha chupa mbele ya macho. Ilikuwa imejaa mpaka mia mbili na hamsini. Sasa ilisoma mia moja.

— Zimetoka mia na hamsini, nikasema. Kikombe cha unga ni gramu mia na hamsini. Si mia mbili na hamsini. Mia na hamsini!

— Na hizo mia nyingine ziko wapi? aliuliza Wakili, akachungulia ndani ya kikombe kitupu kana kwamba zimejibanza humo.

— Upepo, alisema Redio. Nusu ya unga ni upepo. Msagishaji anatuuzia upepo, jamani! Nimekuwa nikisema.

— Wewe hujawahi kusema.

— Nilikuwa najiandaa.

Wakili akasema nimefanya haraka, nimechota kwa hofu, kikombe hakikujaa vizuri. Akanipokonya. Akachota mwenyewe, akakigonga gonga kikombe kwenye tofali la benchi, akashindilia kwa dole gumba kama anavyoshindilia pamba kwenye kiatu, akajaza tena. Tukapima. Mia na themanini.

— Ehe! alisema. Umeona? Unga unanijua.

Mita akataka naye. Yeye ni mtu wa taratibu. Akaazima chujio la Mama Birika, akauchekecha unga ukashuka kwenye kikombe kama vumbi la chaki. Tukapima. Mia na ishirini.

Redio, ambaye ana la kusema hata katikati ya mswaki, alikaa chini.

— Subirini, alisema Mita polepole. Kikombe kimoja. Unga mmoja. Mfuko mmoja. Na uzito wa aina tatu?

— Mimi kitambaa changu, aliendelea Mita, ukikunje, ukikunjue, mita ni mita. Hiki ni kitu gani?

— Unga unaogopa, alisema Wakili. Ukiugonga unajikusanya, kama watu mvua ikiwakuta chini ya kibaraza kimoja. Wanaingia ishirini mahali pa kumi. Ukiuchekecha unajisahau.

Hiyo, nakiri, ilinigusa. Kwa sababu ndivyo ulivyokuwa. Nilikuwa nimeutia mkono kwenye unga tangu mdogo na sikuwahi kujua kwamba ndani yake mna nafasi, kwamba kile cheupe nilichokiona kimejaa kilikuwa zaidi ni chumba kuliko wapangaji.

— Basi na watu ni hivyohivyo, alisema Redio, amekwisha pata nguvu. Wale wanene si wanene. Hawajatikiswa tu! Mtu kama mwenye bucha, ukimshika mabega ukamgonga gonga chini mara tatu, anashuka mpaka kiunoni mwako.

— Nenda kamtikise.

— Sina nafasi leo. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi ndiye ninayezikata, kwa hiyo najua.

Tukapima na sukari. Kikombe kilekile, kimefutwa vilevile. Maji yalikwenda, yakaenda, chupa ikabaki na kidole kimoja chini. Mia mbili na ishirini.

— Sukari imeushinda unga! Mita alishika kichwa. Kwa kikombe kilekile!

— Ni utamu, alisema Wakili. Utamu una uzito. Ndiyo maana mtu akipendwa anatembea polepole.

— Na chumvi? aliuliza Redio.

— Chumvi ni nzito zaidi. Ndiyo inayozamisha bahari, la sivyo maji yangekuwa mawinguni.

Mimi nilikuwa nimekwisha piga hesabu kwenye vumbi kwa kijiti. Sukari kikombe kimoja, basi, hata punje haizidi. Unga mia nne na hamsini, gawa kwa mia na hamsini, vikombe vitatu. Wale wa tanuri walikuwa wametia viwili visivyojaa. Keki isingelala vipi, haikuwa na mifupa! Nikacheka kwa sauti, sijacheka hivyo tangu mshale wa kliniki usite, na nikawa bado nacheka pale kivuli kilipoanguka juu ya hesabu yangu.

— Nimeona nije mwenyewe, kilisema kivuli.

Mama Tanuri ni mwanamke mpana, mikono yake imeungua nukta nukta hadi kwenye viwiko. Alisimama akaitazama henga, makopo, nta, maji, unga uliotapakaa mpaka kwenye utepe wa Mita. Nyuma yangu nilimsikia Mama Birika akilivuta beseni chini ya kitambaa cha meza yake.

— Nini hiki?

— Mzani, mama, nikasema. Shikamoo. Unga vikombe vitatu, sukari kimoja, lakini uchotwe bila kugongwa na bila kuchekechwa, uchotwe, ufutwe kwa kisu, basi, ukigongwa unazidi, ukichekechwa unapungua, tumejaribu.

Nikaondoa sukari, nikapima maji mia na hamsini kwenye kopo la kulia. Mama Tanuri akachukua kikombe, akachota kama nilivyosema, akafuta, akamimina. Kopo lake likashuka kupita maji. Akamwaga, akachota tena, likashuka zaidi. Aliitazama mikono yake, ile iliyokanda unga tangu ujana wake, kama mtu aliyeambiwa kitu kuhusu ndugu zake.

— Inashindilia, alisema. Haijui kuchota bila kushindilia.

Akanipa kikombe. Nikachota. Henga ikanyooka. Nikamwaga, nikachota tena. Ikanyooka. Mama Tanuri alisogea karibu mpaka nikasikia harufu ya hamira kwenye nguo zake, akatazama ile henga iliyotulia hewani, akatikisa kichwa taratibu, kama watu wanavyotikisa wakiona mtoto mchanga.

— Na maji mmeyapima kwa nini?

Nikamwonyesha bila kufikiri. Nikaiinua chupa juu, na chuchu yake ya mpira ilikuwa pale kwenye benchi, kwenye kisahani, imeoshwa.

Mama Tanuri aliitazama chupa. Akaitazama chuchu.

— Chupa hii ya nani?

Watu wale wana jibu la kila kitu. Wanajua kwa nini mwezi haudondoki na nani atajiuzulu. Sasa Mita akaanza kuukunja utepe. Wakili akakitazama kiatu ambacho hakikuwa na mguu.

— Yangu, alisema Redio. Nanywea dawa. Ya kifua.

— Kwa chuchu?

— Daktari alisema nisiimeze haraka.

Birika likaunguruma kwenye makaa. Wakili akajikohoza:

— Mama, kisheria, chupa ni ya mwenye kiu...

— Nimeuliza swali dogo, alisema Mama Tanuri.

Nilifikiria stoo ya vipimo. Nilifikiria mshale. Nikaona ile henga, bado imenyooka, na nikajua kwamba nikisema uongo mbele yake itainama.

— Ya mwanangu, nikasema. Ana miezi minne. Hukuniuliza, na mimi sikusema, niliogopa.

Naye, kama aliyekuwa akingoja kutajwa, akalia chini ya meza. Mama Birika akafunua kitambaa. Mama Tanuri akainama kwenye beseni, magoti yakaalika, na kwa ile mikono isiyojua kuacha kushindilia akamwinua mwanangu juu, akamshika hewani hapo kwa muda, mkono mmoja kitako, mwingine shingoni, macho kafumba nusu. Nilijua anafanya nini. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa kliniki.

— Huyu hajashindiliwa, alisema mwisho. Nafasi ipo. Atajaa.

Akanirudishia.

— Yule wa mwisho alikimbia nyumbani kwa sababu mtoto alikuwa nyumbani, alisema, kama anajisemea. Stoo ya vipimo haina moto. Ina dirisha.

Alikigeuza kile kikombe chake cha bati mkononi, akakirudisha kwenye benchi mbele yangu badala ya kukichukua.

— Mzani wangu unarudi wiki ijayo. Nao utataka mtu wa kuusoma. Kesho alfajiri njoo na kikombe changu. Na chupa yako. Na mwenye chupa.

Akaondoka, mgongo wake mpana ukaziba jua lote lililobaki.

Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Wakili. Halikutoa kitu. Nikayamwaga maji yaliyobaki kwenye chupa, nikatia maziwa, nikaangalia mistari ileile iliyokuwa ikinitisha. Mwanangu akanyonya. Yalishuka thelathini, yakashuka sitini, yakafika tisini, na bado anavuta, na mikono yangu ikawa inausikia uzito ukihama kutoka kwenye chupa kwenda kwa mwanangu, gramu kwa gramu, hakuna hata moja iliyopotea njiani.

— Jamani, alisema Redio.

Tukangoja. Akafunga mdomo.